Jiwe Halijafika Getini: Risala ya Wafagiaji wa Bweni la Nane

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Bi. Fetlework Admasu; Mkuu wa Chuo; walimu; msimamizi na mzee wetu, Gashe Mulatu; wanafunzi wa Chama cha Upatanisho; na ninyi nyote, mliokaa na mliosimama: amani iwe kwenu.

Sisi ni wafagiaji wa bweni hili la wasichana. Tumepewa dakika kumi. Gashe Mulatu alitupa na karatasi ya mfano, inaanza kwa shukrani na inaisha kwa shukrani, na tunamshukuru. Ukaribisho tumeunakili kama alivyouandika. Yanayofuata tumeyaandika wenyewe, kwa hiyo kosa likionekana humo ni letu, lisitafutiwe mtu mwingine.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, tunayo furaha isiyo kifani kukupokea katika hafla hii ya kufungua Nyumba ya Upatanisho, ambamo wanafunzi watamaliza migogoro yao kwa mazungumzo. Karibu sana.

Mwisho wa karatasi ya Gashe. Sasa tunakukaribisha kwa maneno yetu: karibu nyumbani. Ulikaa humu, chumba namba kumi na tisa, ukiwa mwaka wa pili. Ulikuwa na kikohozi kisichokwisha, na mama mmoja alikuwa anakuletea uji wa shayiri kwenye kopo la bluu, unakunywa umesimama ngazini. Pengine umemsahau, ni miaka mingi. Yeye hajakusahau. Aliposikia unakuja alisema, "Mwambieni avae shali, upepo wa hapo uwanjani ni uleule."

HISTORIA YETU

Nyumba hii unayoifungua leo sisi tulikuwa tunaiita chumba cha ndoo. Humo tuliweka fagio, matambara ya kudekia na viatu vyetu vya mvua. Na kila Ijumaa, kazi ikiisha, tulipika humo kahawa yetu mizunguko mitatu, na wa tatu ndio wa baraka, hakuna anayeondoka kabla yake.

Ugomvi wetu pia tuliumalizia humo. Sisi si malaika. Mwaka juzi Askale na Tiruwork waligombania ufagio wa mpini mrefu mpaka mmoja akauficha chooni.

"We Askale, kwani ufagio huo ulizaliwa nao?"

"Sikuzaliwa nao. Ila wewe ulizaliwa na mikono mirefu, utumie hiyo!"

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kufika kikombe cha tatu walikuwa wameshapangiana zamu, na ufagio ukatolewa chooni ukaoshwa na wote wawili. Tulikuwa na sheria moja tu: dele la kahawa likiwa motoni, hatajwi mtu asiyekuwepo. Mwenye neno na mwenzake amsubiri aje, aketi, apewe kikombe, ndipo aseme.

Sheria hiyo aliiweka mama yetu, Etiye Zewditu, mkubwa wetu, aliyefagia bweni hili miaka ishirini na mbili. Ndiye yule wa kopo la bluu.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio yapo. Tumekaa karibu na vijana hawa, tunawajua wanavyogombana. Hawapigani sana. Wananyamaziana. Wanabandika utepe wa gundi sakafuni katikati ya chumba, huku kwako, huku kwangu, na sisi tukija kudeki ushoroba tunaona mlango ukiwa wazi, wasichana sita wameketi kama wageni stesheni. Wanaandikiana matusi kwenye simu na hali wamepeana migongo. Chumvi inatiwa kwenye sukari ya mtu.

Mwaka huu, wiki ya pili ya mfungo, chumba kimoja cha ghorofa ya juu kiligawanyika watatu kwa watatu. Msichana wa kitanda cha mlangoni alishonewa na mama yake mtandio mweupe wa kuhitimia, wenye pindo la dhahabu. Akauona kwenye chumba cha pasi umeungua, alama ya pasi katikati, kahawia, kama unyayo. Akamshuku msichana wa kitanda cha dirishani, kwa kuwa alishawahi kuuazima bila kuomba.

"Umevaa mtandio wangu ukaenda nao kwa wakwe zako, sasa umeuchoma!"

"Nani kakwambia? Ulikuwepo?"

"Uso wako unaniambia."

"Uso wangu uache. Uangalie wako, ndio maana wewe hujaenda kwa wakwe!"

Hapo ndoo ya maji ilirushwa, tukaikausha sisi. Bwaloni wakawa hawali sinia moja. Hata darasani, tumesikia, walikaa kila kundi upande wake.

Chama cha Upatanisho kikaingia. Mwenyekiti wake, kijana Natnael, aliwakalisha siku tatu. Siku ya tatu wakatoka wamekumbatiana bega kwa bega, wakaenda bwaloni wakalishana tonge, huyu anamtia huyu mdomoni, picha zikapigwa. Hakuna damu, hakuna aliyefukuzwa masomo. Chuo kimepata tuzo, na tuzo hiyo ndiyo iliyokigeuza chumba cha ndoo kuwa Nyumba hii, ndiyo iliyokuleta wewe.

Hayo ndiyo mafanikio. Sasa tunaomba tueleze yalivyopatikana.

CHANGAMOTO

Kikao cha siku ya tatu kilikaa kwenye chumba cha pasi, mlango wazi kwa sababu ya joto. Mwenzetu mmoja alikuwa akideki hapo nje. Wanafunzi hawafungi midomo mbele yetu, Mheshimiwa. Mtu hanyamazi kwa sababu ndoo imepita.

Natnael alikuwa amechoka. Alisema, "Jamani, tukimtafuta mwenye kosa hapa hatutoki leo. Huyu akikiri, atapelekwa kwenye kamati ya nidhamu, asihitimu. Yule akiambiwa kamsingizia mwenzake, ataaibika. Tutafute njia wote watoke salama."

Mmoja akauliza, "Kwani asubuhi chumba hiki anaingia nani?"

"Wafagiaji."

"Si ndiyo! Pengine mtu alitaka kusogeza pasi tu, ikawaka."

"Alikuwa zamu nani?"

"Sijui majina yao. Yule mzee, wa kitambaa cha kijani."

Mwenzetu alimwona msichana wa dirishani akiangalia vidole vyake. Yule wa mlangoni akapumua, akasema, "Kama ni yule mama, basi, mimi nimesamehe." Wakalia, wakakumbatiana. Walipotoka wakamkuta mwenzetu na ndoo yake mlangoni. Natnael akasema kwa adabu kabisa, "Etiye, mama, samahani, sogeza ndoo kidogo tupite." Akasogeza.

Kwenye karatasi ya mapatano waliandika: "Chanzo cha mgogoro: mfagiaji mzee." Jina lilitafutwa baadaye na Gashe Mulatu. Kufika Jumatatu Etiye Zewditu alikuwa ameachishwa kazi, kwa barua inayosema ameharibu mali ya mwanafunzi na kuficha. Yeye hajui kusoma. Tulimsomea sisi. Tulipofika neno "kuficha" alisema, "Rudia hapo." Tukarudia.

Mheshimiwa, asubuhi mtandio ulipoungua mabomba yalikuwa yamekauka. Etiye Zewditu na wenzake watatu walikuwa wakipandisha maji jikoni tangu alfajiri hadi saa nne. Imo kwenye daftari la zamu, na dole gumba lake limo. Tulilipeleka daftari kwa Gashe Mulatu. Hakulifungua. Tunayasema haya akiwa amekaa hapa, naye akitaka atujibu.

Alituambia, "Mama zangu, watoto wameshapatana. Mnataka kurudisha vita?"

Tukasema hatutaki vita, tunataka daftari lifunguliwe.

"Amani ni kama yai," akasema. "Msilichezee."

Tukatoka. Etiye alikuwa ameketi pale kwenye ukingo wa maua anatusubiri, akauliza yai linasema nini, maana maneno alikuwa ameyasikia kupitia dirisha la ofisi.

Siku mbili baadaye msichana wa dirishani alimfuata mmoja wetu ngazini. Macho yamemvimba.

"Etiye, mama, mimi sikulitaja jina lake. Naapa."

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Walipouliza nilinyamaza tu."

"Basi ulisema."

Akakaa chini kwenye ngazi yenye maji, na sketi yake. Tulimwambia ainuke, atapata baridi ya tumbo. Hatumchukii. Ana miaka ishirini na mmoja, anaogopa kumrudia baba yake bila cheti. Etiye Zewditu ana sitini, naye anaogopa. Tofauti ni kwamba hofu ya mmoja iliitiwa kikao siku tatu.

Jina la msichana huyo hatulitaji hapa, wala la mwenzake. Wamo uwanjani, lakini hafla haina nafasi ya wao kujibu, na kumtaja asiyeweza kujibu ni sawa na kumtaja asiyekuwepo. Sheria ya chumba cha ndoo bado tunaifuata, ijapokuwa chumba hatunacho.

MAOMBI

Chumba hatukiombi. Kahawa tunapika nyuma ya matangi, na mvua ikinyesha hatupiki.

Tunaomba daftari la zamu lifunguliwe. Tumelileta, liko mkononi mwa Tiruwork, yule aliyesimama penye nguzo. Tunaomba Etiye Zewditu aitwe kwenye kikao, aketi kwenye kiti, aulizwe. Hajaulizwa na mtu yeyote mpaka leo. Mwanafunzi akivunja kioo anaulizwa mara tatu kwa maandishi.

Na tunaomba jambo la tatu, ambalo liko mikononi mwako leo hii.

Baada ya risala hii utaonyeshwa onyesho. Mwanafunzi mmoja atajitwika jiwe shingoni, atainama, atatembea mpaka kwa mwenzake kuomba radhi, kama wanavyofanya wazee wetu. Jiwe hilo tunalijua. Walilitoa mtoni wakaliweka humo ndani juu ya kitambaa, na sisi ndio tunaolipangusa kila asubuhi. Mwenye kulipangusa anajua si zito. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hili wamelifanya usufi kweli: wanalibeba hatua sita, kutoka kiti hadi kiti, na makofi yanapigwa.

Ninyi nyote mlio na mama na bibi mnajua desturi ya kwetu. Jiwe linabebwa mpaka mlangoni kwa yule uliyemkosea, hata kama ni mlima. Hulitui mpaka yeye mwenyewe aseme, "Tua." Neno hilo halisemwi na jirani. Halisemwi na mwenyekiti wa chama.

Etiye Zewditu yuko nje ya geti, anauza shayiri za kukaanga, vikombe viwili viwili, kwa wanafunzi hawahawa. Kutoka kiti chako mpaka kwake ni hatua mia mbili na kumi na nne. Tumezihesabu, wa miguu mifupi na wa miguu mirefu, tukachukua katikati. Tunakuomba, mgeni rasmi, jiwe likishainuliwa, usipige makofi. Inuka, utangulie kuelekea getini. Mwenye jiwe anajijua, na atakufuata au hatakufuata, sote tutaona.

Tulimuuliza Etiye jana kama atalisema lile neno. Alikuwa anapepeta shayiri, hakuinua macho. Akasema, "Nimeshalisema, toka siku ile ya barua. Hakuja mtu wa kulisikia."

HITIMISHO

Mungu akulinde na kikohozi, Mheshimiwa. Awape vijana hawa vyeti vyao na mitandio yao mipya. Awape wazazi wao furaha ya siku hiyo. Nyumba hii aijalie viti vya kutosha, na kimoja kiwe cha mtu wa ndoo.

Ni sisi, Wafagiaji wa Bweni la Nane, kumi na mmoja.

Tulikuwa kumi na wawili.