Namba ya Joab Inaongea Bila Joab

Benchi yangu hapa Mogogosiek inatazamana na kibanda cha kupimia majani chai. Nauzia kahawa watu wanaoishi katikati ya majani chai, na wanakunywa, kwa sababu ile ingine wameichoka. Siku moja wazee watatu walikuwa wanangoja lori la kiwanda: Chepyegon, tunayemwita Inspekta ingawa alikuwa askari wa geti, Ouko, ambaye ni Waya kwa sababu aliwahi kutengeneza redio moja, na Joab, fundi aliyestaafu. Simu ya Joab ilikuwa imekosa network tangu asubuhi. Binti yake Aluoch, aliye kazini Doha, alikuwa amtumie kwa simu akiba yake ya kununua shamba siku hiyo.

Inspekta alisema mvua ya mawe imepiga mnara. Waya akasema hapana, ni ile mashine mpya ya kukausha majani, inavuta network kama moshi. Inspekta akapanda juu zaidi: network yetu yote imehamishiwa Bomet mjini kwa sababu ya mkutano wa wakubwa. Joab alikuwa ameinua simu juu kama mtu anayeanika soksi.

— Izime, uiwashe, Waya akamwambia.

— Nimeizima mpaka imechoka.

Hapo Gesare, mwalimu mgeni, akashuka kwa pikipiki, akaagiza kahawa, akawasikiza kidogo.

— Na zenu ziko na network?

Wakazitoa mfukoni. Zote zilikuwa nayo. Hekima yote hiyo, na hakuna aliyekuwa ameangalia simu yake.

Gesare akamuuliza Joab kama kuna mtu amempigia. Joab akasema ndiyo, kijana wa adabu sana, wa kampuni ya simu, eti anamboreshea laini. Alimpa namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, PIN, hata jina la mamake.

— Hakuwa wa kampuni, mzee. Laini yako sasa iko kwa simu yake.

Gesare akapigia kampuni yenyewe ili laini ifungwe. Joab akanisomea namba ya Aluoch, nikapiga kwa simu yangu. Akakata. Nikarudia, akakata. Halafu akaandika: "Baba ameniandikia nisichukue namba ngeni. Wewe ni nani?"

Nikampa Joab simu yangu asome.

— Nikiandika mimi ni babake, Joab akasema, huyo mwingine pia ameandika hivyo.

— Basi andika kitu hukumwambia yule kijana, Gesare akasema.

Akafikiria mpaka kahawa ikapoa, maana asubuhi alikuwa amesema karibu yote. Mwishowe akaandika kwa kidole kimoja: "Ukiwa mdogo ulilala ndani ya kikapu cha mamako cha majani chai, lori karibu likubebe kiwandani. Mimi ndiye nilikutoa."

Simu ikalia. Joab akaishika kwa mikono miwili.

— Baba, Aluoch akasema, sijatuma bado.