Marehemu wa Kasokola

Mheshimiwa Diwani, mapadri na wachungaji wetu, ndugu wageni waalikwa mliotoka Shanwe na hata mbali kule Sitalike, na nyie vijana mliotengeneza filamu hii kwa kamera moja ya kuazima: amani iwe nanyi.

Leo ni Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024. Nimeishi nje ya nchi niliyozaliwa miaka hamsini na miwili. Kiti cha mbele ameketi mdogo wangu Ladislas, aliyetoka Burundi kuja kunichukua. "Kaka, rudi ukazikwe karibu na baba." Nilimwomba asubiri uzinduzi huu, ndipo nimjibu.

Mtakayoiona ni hadithi ya majambazi waliotupwa porini wauane, na atakayebaki hai apewe msamaha na nauli ya kwenda kwao. Mwongozaji wetu, binti Aline, alinipa nafasi ya jambazi mzee akisema, "Babu Venant, uso wako hauhitaji vipodozi." Bunduki zetu ni za mbao, na damu ni juisi ya rozela. Juisi hiyo ina sukari. Siafu walinitafuna, na marehemu haruhusiwi kujikuna.

Je, mnajua kilichotokea siku niliyouawa? Tulikuwa kando ya shamba la jirani yangu Minza, huko Kasokola, na hakuna aliyekumbuka kumwarifu. Alikuja kupalilia, akaniona kifudifudi katika ile damu, akatupa jembe na kupiga yowe. Majirani wakaja na mapanga. Muuaji wangu akapanda mti. Aline alijaribu kueleza, nani amsikie? Nami sikuinuka, kwa sababu hakuwa amesema "kata", na nilishagombezwa kwa kufufuka mapema.

Nikamsikia jirani mwingine, Manyanda, akiuliza, "Sasa maiti tunapeleka wapi? Huyu si kwao Burundi?"

"Kwao wapi?" Minza akamkatiza. "We Manyanda, kaburi la baba'ko alichimba nani? Si huyu? Kalete sururu! Mkewe kalala hapa, na yeye analala hapa hapa."

Hakuna aliyebisha. Sururu ikaletwa kweli. Ndipo nikafumbua macho, nikaharibu kazi ya siku nzima, na Minza akanizaba kofi: "Mzee mzima, huna haya!"

Ladislas, kilima chetu sijakisahau. Mpaka leo naweza kukutajia kila mti uliokuwa njiani kuelekea kisimani. Lakini je, nimwache mke wangu Thacienne peke yake, niende kuzikwa na watu watakaouliza huyu ni nani?

Aline ameliacha lile yowe ndani ya filamu. Mtakapolisikia, msidhani ni uigizaji.

Nawashukuru vijana kwa kuniua vizuri, na nyie nyote asanteni kwa kunisikiliza hadi mwisho. Ladislas, wasalimie nyumbani. Mimi sitarudi.