Nilivyomfunika Mzee kwa Kitambaa

Kijiwe cha Transfoma kiko pale barabara inapoanza kupanda kwenda Milimani, ubao mmoja juu ya rimu mbili za lori, na Wariara na birika lake la kahawa ya tangawizi, na wale watatu wasiokosekana: Sajenti, jina lake Kibii, aliyekuwa akiwapikia wanajeshi kule Gilgil na hajawahi kushika bunduki, Apostle, yaani Ngigi, mwenye kanisa la mabati ambalo viti ni vingi kuliko waumini, na Waya, yaani Quincy, anayefunga ving'amuzi. Mimi huwa nasalimia tu nikipita, mama mwenye mtoto mgongoni atafanya nini kijiweni, lakini siku hiyo nilikaa, nilikaa katikati yao kabisa, kwa sababu ilikuwa inaelekea saa kumi na saa kumi ndiyo saa yule mtu huja.

— Mtu gani? akauliza Sajenti.

— Wa kwa TV.

Nikawaambia yote kwa pumzi moja. King'amuzi kiliharibika, nikabaki na ile TV ya zamani ya kichogo ya mume wangu na antena ya juu ya mabati, nikawa nashuka na stesheni moja moja nikitafuta hata sauti ya mtu, lakini wapi, ni zile chengachenga nyeupe tu, mpaka nikafika chini kabisa, chini ya stesheni ya kwanza, na hapo, mzee. Mzee wa miwani ameketi kwa meza, ananiangalia. Mdomo unatembea, sauti hakuna. Halafu akanipungia mkono. Na mimi nilikuwa nanyonyesha.

— Wololo! Wariara akamimina kahawa nje ya kikombe.

— Nikamfunika na kitambaa.

— Kitambaa gani?

— Kile cha TV. Cha kufuma na mkono.

— Kile cha matundu matundu? Waya akacheka mpaka akashika ubao. Mama Jemutai! Si huyo sasa anakuona vipande vipande?

Wakacheka wote, na mimi machozi yalikuwa hapa, hapa karibu. Mume wangu Weldon anaendesha lori la viazi, alikuwa ameniambia kwa simu kwamba nikiogopa niende kwa mama yake Molo, na huyu mtoto ana kifua, na baridi ya Molo asubuhi hata mtu mzima anakohoa. Kwa hivyo ilibidi nijue siku hiyo hiyo, anatuona ama la. Akituona nafunga mizigo, kifua au si kifua.

— Hiyo ni kazi ya jeshi, akasema Sajenti, akiteremsha sauti kama mtu wa siri. Picha inatoka kwa setilaiti, inapiga mlima Menengai, inaruka, inaingia kwa antena yako. Wanatafuta magaidi.

— Kwa nyumba yangu?

— Nani atamtafuta gaidi kwa mama anayenyonyesha? Ningekuwa gaidi, mimi ningejificha hapo hapo.

— Wewe ulikuwa unachambua maharagwe, boss, akasema Waya. Wachia wenye kazi. TV ya kichogo haina kamera.

Nikaanza kupumua.

— Lakini, akaendelea, na pumzi yangu ikarudi ndani, kwa kichogo nyuma kuna bunduki. Kweli! Bunduki ya kurusha mwanga kwa kioo, uliza fundi yeyote. Sasa mtu akigeuza waya, badala ya kuleta picha, inavuta.

— Bunduki? Sajenti akasimama. Si nimesema ni jeshi?

— Kaeni chini, akasema Apostle. Mzee, hana sauti, anapungia. Huyo ni marehemu. Serikali ilipozima zile stesheni za zamani ikahamia dijitali, zile njia zilibaki tupu. Na nyumba ikikaa tupu ni nani huingia?

— Marehemu anavaa miwani? akauliza Wariara.

— Alizikwa nayo.

Hapo nikatoa simu nikawaonyesha picha, maana siku moja yule mzee aliinua kadi mbele ya uso wake na mimi nikapiga picha kupitia pembe ya kitambaa. Juu kulikuwa na herufi na namba zimechanganywa kama namba ya gari ya nchi ambayo haipo. Chini, namba ya simu.

Sajenti akasema hizo za juu ni maneno ya vita. Apostle akaanza kujumlisha za chini na midomo yake, akitafuta namba ya mnyama, akafika mahali akaacha, akajifuta jasho. Waya akasema hao ni wale wezi wa simu, ukisema hallo tu wanaondoka na laini yako, na jina lako, na watu wote uliowahi kuwajua.

Kulikuwa na mathe mmoja, mama mzee, amesimama hapo kando akingoja bodaboda, kuku wake amemtia kwa mfuko wa karatasi, kichwa nje. Hakuna aliyekuwa amemwangalia. Akainama, akatazama ile picha.

— Mmempigia?

Wakaangaliana. Hata kuku.

— Mathe, hii si mambo ya kukimbilia, akasema Sajenti.

— Nauliza tu. Namba si hii? Mmempigia?

Waya akaangalia transfoma. Apostle akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. Mimi nikamwangalia mtoto, nikafikiria Molo, nikabonyeza. Ililia mara moja tu.

— Hallo?

Nikaweka spika. Ubao mzima ukajivuta nyuma.

— Wewe ndio mzee wa miwani? Wa kwa TV?

Nikasikia kiti kikianguka huko.

— Unaniona? akauliza. Yeye! Ananiuliza mimi!

— Ni mimi nataka kukuuliza, wewe unaniona? Mimi na mtoto wangu, nikiwa kwa nyumba, unatuona?

— Hapana, mama. Hapana. Hapa mimi naona kamera na ukuta. Picha inaenda, hairudi. Sijui hata kama inafika mahali.

Akasema anaitwa Wanyoike, alikuwa fundi wa mitambo ya simu mpaka akastaafu, na ana leseni ya wale watu wanaorusha mawimbi kwa kupenda tu, si biashara, kila mmoja kutoka nyumbani kwake, na zile herufi za juu ya kadi ndizo namba yake ya leseni. Mwenzake alikuwa Gilgil, walikuwa wakitumiana picha, halafu mwenzake akahamia kwa mwanawe mbali. Tangu hapo yeye huwasha tu saa kumi, anaonyesha kadi, anapunga mkono, labda kuna mtu mwenye TV ya zamani ameshuka chini ya stesheni ya kwanza.

— Na mlingoti wako wa antena ni ule mrefu wa huku juu Milimani? Apostle akaingilia. Mimi hukemea ule mlingoti kila Jumapili!

— Ndio maana hutingishika, akasema mzee. Halafu sauti ikawa ndogo. Mama, niambie tu. Picha iko na rangi?

Sasa nitamwambiaje mtu kama huyo kwamba nimemfunika na kitambaa?

— Ngoja, nikasema. Usikate.

Nikakimbia, mtoto akirukaruka mgongoni, na nyuma yangu Sajenti, Apostle, Waya, mathe na kuku, na Wariara akipiga kelele kwamba watu wanaenda na vikombe vyake. Wakajazana mlangoni. Nikawasha TV. Nikavuta kitambaa.

Alikuwa hapo, simu kwa sikio, ameegemea mbele kama mtu anayechungulia kisima.

— Iko na rangi, nikamwambia. Sweta ya kijani. Lakini kichwa kimekatwa juu, rudi nyuma kidogo.

Akarudi nyuma. Akavua miwani, akaifuta na ile sweta, akafuta tena, akaivaa. Kisha akatupungia.

Apostle akainua mkono, akaanza kumpungia.

— Wewe, hakuoni! akasema Sajenti.

— Najua, akasema Apostle, na mkono bado uko juu.