Awadhi Fikirini, Mzee Aliyeikataa Lami

Baada ya miaka ishirini na sita ya kupeleka keki za watu kwenye shughuli za watu, Mzee Awadhi Fikirini, dereva wa kwanza wa pikipiki wa Waridi Keki na Vitafunwa, Gerezani, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025. Bosi wetu, Bi Waridi, alitaka wasifu huu uandikwe na mtu anayempenda mzee. Watu hao wako wengi, ila wote walisema wana kazi. Ndipo ukaangukia kwa Hyasinta wa chumba cha mapambo, ambaye kwa miaka yote aliyokaa hapa ametengeneza maua ya sukari asubuhi na kupokea habari za vifo vya maua hayo kabla ya adhuhuri. Msomaji aelewe hivyo tangu mwanzo, asije akashangaa mbele.

Mzee Awadhi alizaliwa Kilwa Kivinje, akaja Dar es Salaam akiwa kijana wa gereji. Bi Waridi alimkuta hapahapa Gerezani amelala chini ya pikipiki ya mtu, anaigombeza kama mzazi anavyomgombeza mtoto mtoro. Wakati ule keki zetu zilikuwa zinapelekwa kwa teksi, na teksi zilikuwa zinafika wageni wameshaanza kuaga. Bi Waridi akamkabidhi jagi la maziwa lisilo na kifuniko, akamwambia alizungushe Kariakoo nzima kwa pikipiki. Alirudi jagi limejaa vilevile, akaajiriwa palepale. Ilipita miaka mingi kabla bosi hajajua kwamba maziwa aliyompa yalimwagika yote kwenye shimo la kwanza, na yale yaliyorudi yalinunuliwa Msimbazi.

Madereva wa pikipiki wa mji huu wana madhehebu yao ya barabara, na usijaribu kumbadilisha mtu. Seifu wetu ni wa lami pana. Mpe barabara ndefu iliyonyooka, anakuwa mtu mwema, hata salamu anaitika. Mudi alikuwa wa njia ya mwendokasi, mpaka siku trafiki alipomsimamisha na kumuuliza abiria wake wengine wako wapi. Sasa amehamia kwenye barabara za vitofali, anadai zinamkanda kiuno. Wako wa vichochoro vya Kariakoo, wanaopenya kati ya marobota ya vitenge na ngazi za watu, wakitoka upande wa pili wamevaa sidiria ya mfanyabiashara begani bila kujua.

Mzee Awadhi ni wa vumbi. Mashimo, changarawe, vifusi, njia iliyochimbwa na mabomba ikasahauliwa: hapo ndipo roho yake inapotulia. Katika mji ambao kila mwaka unazidi kumwagiwa lami, yeye alizijua njia za vumbi zilizobaki kama mtu anavyowajua ndugu zake. Akitumwa Upanga, mahali ambapo mwenye akili zake anafika kabla chai haijapoa, alizungukia bonde la Msimbazi kwanza. Akiulizwa, alikuwa na jibu lake.

“Kwenye lami kila mtu ana haraka na wewe,” alisema. “Huyu anakupigia honi, yule anakuchomekea. Nenda kwenye rafu, kwenye mashimo, uone. Watu wanapishana kwa adabu, kila mmoja anamwonea mwenzie huruma.”

Tuseme ukweli, kwa sababu ndiyo kazi ya wasifu: hakuwahi kuangusha keki. Alitandika kipande cha godoro chini ya boksi, akalikaza kwa mipira ya baiskeli, na akifika kwenye mashimo alisimama juu ya vikanyagio huku magoti yakichezacheza, keki ikabaki imetulia. Keki ilitulia. Maua hayakutulia. Mwandishi amewahi kupigiwa simu na mama wa bibi harusi akiulizwa kama ule unga mweupe uliotapakaa juu ya keki unaliwa. Alijibu kwamba unaliwa, na kwamba saa mbili zilizopita ulikuwa maua kumi na mawili ya waridi.

Hata hivyo, mzee ametuachia mafanikio makubwa mawili. Ya kwanza ni keki ya kulala. Mwaka mmoja Bi Nasreen wa Upanga aliagiza keki ya ghorofa tatu kwa ajili ya uchumba wa binti yake. Mzee akaipitisha njia anazozijua mwenyewe, ikafika imeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea. Simu ilipolia, mwandishi alikaa chini kabisa, akijua kazi imekwisha. Kumbe Bi Nasreen alikuwa anapongeza. Mtindo ule hajawahi kuuona, wageni wote wameupiga picha, na wifi yake naye anautaka. Safari iliyofuata keki ikapelekwa na Seifu kwa lami, ikafika imesimama wima. Bi Nasreen akairudisha.

“Hii mmeniletea ya kawaida,” alilalamika. “Mimi nataka ile ya kulala!”

Tangu siku hiyo keki ya kulala inauzwa ghali kuliko zote, na mwandishi analazimika kuipindisha kwa mikono yake mwenyewe, kazi ambayo mzee alikuwa akiifanya bure.

Mafanikio ya pili ni ua gumu. Baada ya misiba mingi, mwandishi alikaa na sukari yake mpaka akapata waridi linaloweza kuvuka bonde la Msimbazi na kurudi. Leo hii wateja wanalifuata kutoka mbali kwa sababu halinyauki wala halivunjiki. Ni kweli kwamba kwenye harusi moja mjomba wa bwana harusi alilitafuna, na mlio ukasikika mpaka meza ya tatu. Lakini ua lilibaki zima.

Sasa tuje kwenye jambo lililomsumbua mzee mwaka huu kuliko kustaafu kwenyewe.

Mkewe ni Bi Moza, ambaye sote tunamwita Mama Najma, muuza vitenge Kariakoo. Ni mcheshi, na akisema amesema. Ndoa yao ilipokuwa bado mbichi, mzee alimpakia nyuma ya pikipiki kumpeleka kwa mama mkwe wake Mbagala, na Mama Najma amepakata sufuria la biriani aliyoipika tangu alfajiri. Njiani mzee akakata kona akaingia vumbini, akisema ni njia ya mkato. Haikuwa ya mkato. Mama Najma alifika wali uko kwenye buibui na nyama zimebaki Mtongani. Mama mkwe alikula kilichokuwepo, akakisifu. Lakini Mama Najma alishaapa moyoni kwamba kwenye pikipiki ya Awadhi hapandi tena.

Na hakupanda. Kwanza alikwenda kwa miguu, bajaji zilipoingia mjini akapata ya kwake, ya Abdulkadiri wa kituo cha mtaani kwao. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Msibani, harusini, Iddi kwa ndugu, mzee anatangulia na pikipiki, mama anafuata na bajaji, aliyewahi anamngoja mwenzake getini, kisha wanaingia pamoja kama watu waliotoka nyumba moja, jambo ambalo ni kweli. Binti yao Najma alipoolewa, Abdulkadiri alikaa meza ya familia, na mshereheshaji akamtambulisha kama baba mdogo. Hakuna aliyesahihisha.

Sasa mzee na mkewe wanarudi kuishi Kilwa. Watoto wameshasafirisha mizigo, nyumba imepakwa rangi. Mzee alikuwa na ombi moja tu, aondoke Gerezani na mkewe kwenye siti ya nyuma. Mama akamjibu kwamba atangulie, yeye atakuja na basi, watangojana getini kama kawaida.

Siku hiyo mzee alikuja kunywa chai kwenye chumba cha mapambo, mahali ambapo kwa kawaida haingii kwa usalama wake.

“Hyasinta,” alisema, “nimepakia keki za maharusi wa mji mzima huu. Bibi harusi wangu mwenyewe anapanda bajaji.”

Mwandishi alikuwa ameandaa maneno makali kuhusu maua ya asubuhi ile. Aliyameza. Alimhurumia sana, na anaona heri aliseme hapa, maana siku ile hakuweza. Alichoweza ni kutoka mchana kwenda Kariakoo kununua kitenge ambacho hakukihitaji, akamwombea mzee kwa mkewe. Mama Najma alipima kitenge, akakata, akakunja, ndipo akatoa sharti lake. Atapanda, iwapo mzee ataweza kumtoa Gerezani mpaka Upanga kwa lami tupu. Akiingia vumbini hata kidogo, mama anashuka hapohapo na habari ya Kilwa imekwisha.

Kwa mtu mwingine hilo si sharti, ni matembezi. Kwa Mzee Awadhi ilikuwa kama kumwambia samaki apande ngazi. Seifu alijitolea kumfundisha, na kwa wiki nzima baada ya kazi tulishuhudia mambo. Barabara ikinyooka, mzee anasinzia. Akiona lami haina shimo, anapunguza mwendo alitafute. Kwenye mataa alishusha miguu yote miwili kama mtu anayevuka mto. Siku ya tatu msukuma mkokoteni alimpita na mzigo wa viazi, akageuka nyuma.

“Pole, mzee wangu,” alimwambia. “Imekuzimikia?”

Mzee hakukata tamaa. Alirudi kila jioni amelowa jasho, akamuuliza Seifu kama leo kuna nafuu. Seifu, ambaye hajui kudanganya, alikuwa anasema tumwombe Mungu.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mama Najma alikuja na kofia ngumu mpya juu ya ushungi, na nyuma yake Abdulkadiri na bajaji yake, ameitwa kwa tahadhari. Bi Waridi na mwandishi walipanda humo kama mashahidi. Tukatoka Gerezani, tukashika Mtaa wa Msimbazi, tukafika Faya, na mzee hajakosea hata mara moja. Aliendesha taratibu, katikati ya mstari wake, shingo imekaza. Daladala zikampigia honi, akavumilia. Kwenye Barabara ya Umoja wa Mataifa kuna mahali kinjia cha vumbi kinachepuka kuteremkia bondeni, na tulipokikaribia Bi Waridi alifumba macho. Mzee alikipita bila kukitazama. Tulishangilia mpaka bajaji ikayumba.

Hapo ndipo tulipomwona Mama Najma akimgonga mumewe begani. Pikipiki ikasimama pembeni, na sisi tukasimama nyuma yake, tukasikia kila kitu.

“Baba Najma, mbona kimya?” mama aliuliza. “Toka Gerezani hujanisemesha.”

“Si naendesha, mama. Umesema lami tupu.”

“Mgongo umekakamaa utafikiri nimepakiwa na mgambo. Hata huko kwenye mavumbi yako unaendeshaga hivi?”

“Huko huwa naongea.”

“Unaongea na nani, na uko peke yako?”

Mzee alitazama mbele, upande wa Upanga, ambako zilikuwa zimebaki kona mbili tu ashinde.

“Na wewe,” alisema.

Pikipiki nyingi zilitupita, na Bi Waridi alikuwa ameushika mkono wa mwandishi kwa nguvu. Mwishowe Mama Najma akakaza mkanda wa kofia yake chini ya kidevu.

“Basi geuza,” alisema. “Twende huko nikasikie nilichokuwa naambiwa.”

Akageuza. Walitupita mzee amesimama juu ya vikanyagio na mama amemkumbatia kiunoni, wakateremka kwenye vumbi, na kabla hawajapotea tulimsikia mzee ameshaanza kusimulia. Bi Waridi alimwambia Abdulkadiri awafuate. Abdulkadiri akazima injini.

“Huko hawanihitaji, bosi,” alisema, akajifuta uso kwa kitambaa cha kufutia kioo.

Walirudi Gerezani jua limeshakuwa kali. Mama Najma alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, mkono mmoja umeshika kiuno, na alipoulizwa safari ilikuwaje alisema barabara ni mbaya sana na hawajamaliza mazungumzo. Tiketi ya basi amempa dada yake.

Mzee Awadhi, kwa niaba ya jikoni, duka na madereva wenzako wa madhehebu yote, tunakushukuru. Ulifika mvua ikinyesha, ulifika jua likiwaka, ulifika kwa kuzunguka, lakini ulifika, na hakuna shughuli ya mji huu iliyokata keki hewa kwa sababu yako. Chumba cha mapambo kitakuwa na amani kuanzia Jumatatu, na mwandishi hana hakika kama ataizoea.

Tunakutakia mapumziko mema, kiuno imara, na Kilwa ambayo lami haitaifikia yote. Nawe Mama Najma, shikilia vizuri. Ana miaka mingi ya kukusimulia.