Bi. Rozina Mwanisawa: Miaka Thelathini na Minne ya Kupima Bila Kusema

Imeandikwa na Ezekiel Yoramu, Ofisa Tovuti, kwa ajili ya hafla ya kumuaga

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Rozina Flavian Mwanisawa ataikunja futikamba yake kwa mara ya mwisho, baada ya kulitumikia Duka la Mavazi la Ambilikile, Sumbawanga, kwa miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku sita. Hizo siku sita ameomba zitajwe. Alizifanyia kazi kabla mwajiri hajaamua kama anamtaka.

Alifika dukani Machi 1991, binti wa miaka ishirini na sita kutoka Malangali. Duka lenyewe lilikuwa cherehani mbili kwenye baraza ya nyumba ya Mzee Ambilikile, aliyekuwa amehamia hapa kutoka Mbeya. Mzee alihitaji mpiga pasi, Bi. Rozina akakabidhiwa pasi ya mkaa. Siku ya sita aliunguza ukosi wa shati la bwana harusi, na bwana harusi mwenyewe amekaa kwenye benchi akilisubiri. Kesho yake alihamishiwa kwenye kupima wateja, idara ambayo Mzee aliichagua kwa sababu moja tu: haina moto. Hajahama tena tangu siku hiyo.

Kwa wasiopata bahati ya kupimwa naye, utaratibu wake ni huu. Mteja husimama nyuma ya kitenge kilichoshikwa pembe mbili. Bi. Rozina huzungusha futi, huandika, hufunga daftari. Tarakimu haitamkwi. Mteja akishindwa kuvumilia na kuuliza kama amenenepa, hupewa jibu ambalo halijabadilika tangu mwaka 1991: "Hapana, mama. Futi ya mwaka huu imekuwa fupi." Akina mama wa Chanji, Malangali na Chala wameishi na jibu hilo kwa amani, na baadhi yao wameomba watengenezaji wa futi wachukuliwe hatua.

Vipimo vyote hivyo vimo katika madaftari arobaini na moja, ambayo hadi mwaka jana msomaji wake alikuwa mmoja. Mzee Ambilikile alipohesabu kwamba msomaji huyo angetimiza miaka sitini mwaka huu, aliajiri mhitimu wa kompyuta, ambaye ndiye mwandishi wa wasifu huu, ajenge tovuti ya duka kabla ya Juni. Lengo lilielezwa kwa sentensi moja mbele ya wafanyakazi wote: Rozina aondoke, wateja wabaki.

Tovuti ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa na picha za wanamitindo wenye mabega wazi, wamesimama ufukweni, na saizi zake zilikuwa ndogo, ya kati na kubwa. Bi. Rozina aliitazama akiwa amevaa sweta mbili, maana ulikuwa mwezi Julai na upepo wa Ufipa haujali kalenda ya mitindo. Aligusa kioo kwa kidole na kusema, "Huyu mtoto anasikia baridi. Mwambieni avae, ndipo tuuze." Hakuna mteja aliyechagua saizi. Waliandika ujumbe. Mmoja alitaka "kama ile ya mwaka juzi". Mwingine alijitambulisha kuwa "yule wa Chanji mwenye mapacha", akashangaa kuulizwa zaidi ya hapo.

Ndipo ilipoamuliwa kwamba madaftari yaingizwe kwenye tovuti. Kazi hiyo ilichukua miezi mitano, na ilifanyika kwa usafi wa kitaaluma: misalaba midogo na viduara vilivyojaa pembeni mwa tarakimu viliachwa nje, kwa dhana kwamba Bi. Rozina alikuwa akijaribu kalamu. Aidha, kwa kuwa vipimo vya miaka mingi vilikuwa vimekusanyika, kila mteja alitengenezewa grafu ya mwili wake, yenye mstari mwekundu na salamu ya pongezi. Grafu hizo zilipowekwa, Bi. Rozina alikuwa likizo ya kuvuna maharage. Hakuulizwa.

Mteja wa kwanza kuifungua alikuwa Mama Modesta, mwenyekiti wa kwaya ya Chala, aliyekuwa akitafuta sare za waimbaji sitini na wawili kwa ajili ya jubilei ya parokia yao. Ilikuwa Jumapili ya Machi, baada ya misa, na kwaya nzima ilikuwa imemzunguka. Miwani alikuwa ameisahau nyumbani. Akampa simu Bwana Ignasi, kiongozi wa sauti ya besi, amsomee. Bwana Ignasi alisoma kama anavyosoma kila kitu, kwa besi, hadi waliokuwa nje ya kanisa wakafungua baiskeli zao taratibu ili wasikie: "Hongera, Modesta! Kiuno chako kimekua kwa inchi sita tangu mwaka 2011." Kisha, kwa uaminifu wake, akainua simu ili wote wauone mstari, ambao ulipanda kama barabara ya mlima wa Lyamba lya Mfipa.

Simu iliyopigwa dukani Jumatatu asubuhi haikuwa ndefu. Sare zingeshonwa mji mwingine. Na kwa kuwa kwaya ya Chala ikivaa kitu, vigango vyote vya jirani hufuata, ilieleweka kwamba hazikuwa zimeondoka sare sitini na mbili peke yake. Mzee Ambilikile hakufoka. Alisema tu, "Kijana, umempima mama wa watu hadharani," akaongeza kwamba Mama Modesta asiporudi kabla ya Pasaka, tovuti ifungwe. Wote tulijua maana yake: ifikapo Julai duka lingebaki bila Rozina na bila tovuti, na mteja wa Chala hangekuwa na mtu hapa anayemjua.

Bi. Rozina alimaliza maharage yake, akafunga daftari namba arobaini na moja ndani ya kitenge, akamchukua Ofisa Tovuti wakapanda basi la Chala. Njiani alitoa somo moja tu, kuhusu ile misalaba na vile viduara. Msalaba maana yake ni kwamba mteja aongezewe inchi mbili na asiambiwe. Kiduara maana yake ni kwamba mteja hubana pumzi anapopimwa. Baada ya hapo alilala hadi stendi.

Alipofika hakutetea tovuti wala hakuomba radhi kwa niaba yake. Alimwelekeza mwenzake awaamkie akina mama wa kwaya mmoja mmoja, shikamoo ishirini na tisa, na ya Mama Modesta ikawa ya mwisho. Mama Modesta aliitika marahaba na kuuliza, "Ndiye wewe wa inchi sita?" Akajibiwa kuwa ndiye. Akina mama walicheka kwa namna ambayo kijana hataisahau, lakini hakuna aliyeondoka. Bi. Rozina akatandaza kitenge, akawapa wawili washike pembe, akamwita mwenyekiti nyuma yake. Alizungusha, akaandika, akafunga daftari. Hatimaye Mama Modesta akashindwa, akauliza kwa sauti ya chini kama ile mashine ilisema kweli.

"Mashine ilipewa vipimo vya futi ya mwaka huu," alijibu Bi. Rozina. "Nayo imekuwa fupi."

Walipimwa wote sitini na wawili kabla ya jua kuzama.

Tovuti iliyopo sasa ilichorwa na Bi. Rozina kwa kalamu ya risasi, nyuma ya daftari hilo hilo, ndani ya basi la kurudi. Mteja huandika namba yake ya simu, na tovuti humjibu kwa maneno matatu: "Kipimo chako tunacho." Hakuna tarakimu, na grafu imezikwa. Kisha huulizwa maswali mawili. La kwanza, alipimwa kabla ya mavuno au baada yake, kwani kwa Bi. Rozina kipimo cha Februari hakishonewi nguo ya Agosti. La pili, atavaa na sweta ndani au bila? Picha za ufukweni zimeondolewa. Mahali pake yupo Mama Modesta mwenyewe, amevaa koti, na chini yake kuna picha ya nguo hiyo hiyo imegeuzwa ndani nje, kwa sababu hakuna mteja wa Ufipa anayenunua vazi bila kukagua mshono.

Sare zilivaliwa kwenye jubilei, Jumapili ya Pentekoste. Zilitosha zote. Bwana Ignasi, mwenye kiduara tangu mwaka 1998, alivuta pumzi ya ubeti wa mwisho, na kifungo cha suruali kilibaki mahali pake. Wiki iliyofuata vigango vinne viliandika namba zao za simu.

Ilibaki kazi moja ambayo Bi. Rozina hakushirikishwa. Duka liliamua kumshonea gauni la kustaafia, tukafungua madaftari yote arobaini na moja kutafuta kipimo chake. Hakimo. Mwanamke aliyepima nusu ya mji huu hajawahi kusimama nyuma ya kitenge, na kumwomba kungefichua siri. Tulimpigia Mama Modesta. Jumamosi iliyofuata alikuja dukani kutoka Chala, eti kusalimia tu, akamkumbatia Bi. Rozina kwa muda mrefu kuliko kawaida, akamwachia, akamkumbatia tena chini kidogo. Alipotoka nje alikuwa bado ameshikilia mikono yake katika duara lile lile, akipiga kelele kwamba futi iletwe haraka kabla hajachoka.

Kwa hiyo, Mama yetu Rozina, sanduku utakalokabidhiwa leo lina gauni, na daftari namba arobaini na mbili limefunguliwa kwa jina lako. Pembeni mwa tarakimu tumeweka msalaba mdogo. Asante kwa kutufundisha kwamba kumjua mteja ni jambo moja, na kumtangaza ni jambo jingine kabisa. Nenda salama kwenye ulezi na maharage yako ya Malangali, ule ushibe, upate wajukuu wa kukusumbua na afya ya kuwasumbua wao. Ikitokea siku gauni likakubana, usiulize. Futi ya mwaka huo itakuwa fupi. Kipimo chako tunacho.