Kaa Kwanza: Kumkumbuka Profesa wa Wodini

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, dukani au njiani mkitoka kazini, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka mwalimu wa madaktari. Alikuwa profesa katika chuo cha udaktari. Alifariki mwezi uliopita, nyumbani kwake, asubuhi. Wanafunzi wake walimwita Kaa Kwanza, na nitawaeleza jina hilo lilikotoka.

Habari hizi nimezipata kwa mume wake. Mtaani wanamwita Fundi, nasi tumwite hivyo hivyo. Kazi yake ni kutengeneza friji. Nilipokwenda kumwona, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlango wa nyuma, amevaa ndala za mkewe, visigino vimetokeza nje. Alizungumza polepole, kwa sauti moja, kama mtu anayesoma maelekezo ya mashine. Aliniambia mapema kwamba yeye halii, nisije nikashangaa.

Tuanze na marehemu mwenyewe.

Mama yake ni mshonaji, na yu hai. Binti alipofaulu udaktari, mama alimshonea makoti mawili meupe yenye mifuko mikubwa, akaanza kuwaambia wateja wake kwamba sasa nyumbani kwao hakuna tena kupanga foleni hospitali. Furaha ile haikudumu. Binti alirudi siku moja akasema amepata nafasi ya kubaki chuoni, kufundisha. Mama aliweka mkasi chini.

"Nimeomba daktari nimepewa mwalimu," alisema. "Na walimu katika ukoo huu ninao wa kutosha."

Kilichomfanya abaki ni jambo aliloliona akiwa daktari mwanafunzi. Alilisimulia mara nyingi, na Fundi analijua kwa moyo. Baba mmoja alikuwa amesimama kwenye korido ya wodi ya watoto, ameshika blanketi la mwanawe. Daktari mkubwa akapita. Hakusimama. Akasema huku anatembea: "Yule wa kitanda cha dirishani? Alishafariki, hamkuambiwa?" Akaenda zake. Yule baba alianza kulikunja blanketi. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Daktari mwanafunzi alikuwa pembeni yake na hakujua la kusema. Alikuwa amefundishwa majina ya mifupa yote ya mwili. Hilo la kumwambia mtu habari mbaya hakuna aliyemfundisha.

Basi akaamua kulifundisha yeye.

Ndiyo asili ya jina lake. Mwanafunzi akikaribia kitanda, akafungua mdomo kumpa mgonjwa majibu akiwa wima, sauti ilitoka nyuma: "Kaa kwanza." Hata awe na haraka ya namna gani. Kaa kwanza. Wanafunzi walimwigiza kwenye mabweni, mpaka wapishi wa chuo nao wakalidaka jina.

Na Fundi alimpataje? Chumba cha kuhifadhia maiti pale chuoni kilikuwa kimeharibika mitambo ya ubaridi, wakamwita. Profesa wetu alikuwa humo, wakati huo bado mhadhiri kijana, amekasirika, anataka kujua darasa lake litafanyika au halifanyiki. Watu walipowauliza baadaye walikutana wapi, Fundi alikuwa akijibu, "Mochwari, na wote wawili tulikuwa hai." Nilimwomba alirudie hilo kwa ajili yenu, wasikilizaji. Alilirudia. Hakucheka, nami sikucheka.

Walioana, wakapata binti mmoja, ambaye sasa ni mhasibu na anaishi mji mwingine.

Safari ya kuwa profesa haikuwa nyepesi. Naomba mnisikilize vizuri hapa. Alikuwa mhadhiri, akawa mhadhiri mwandamizi, kisha akakwama. Aliomba uprofesa, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Kamati ilimwambia kwamba anasifiwa na kila mtu, ila maandiko yake ya utafiti ni machache, na saa anazokaa na wanafunzi kando ya vitanda vya wagonjwa hazihesabiwi popote. Waliokuwa wanafunzi wake walimpita vyeo. Mara ya pili alipokataliwa, Fundi anakumbuka, alirudi nyumbani, akavua viatu, akashusha mapazia ya nyumba nzima akayafua. Hakusema neno mpaka yalipokauka.

Rafiki zake walimshauri aachane na wodi. Akae ofisini aandike, kama wenzake. Alifikiri sana. Mwisho akafanya kitu cha ajabu kidogo: aliifanya wodi yenyewe kuwa utafiti. Kwa miaka kadhaa alizunguka nyumba za waliofiwa, akiwauliza waliambiwa na nani, wakiwa wapi, kwa maneno gani. Fundi alimwendesha kwa gari lake la kazi, vifaa vikigongana nyuma. Alisubiri nje. Anasema wengi walikumbuka maneno yale neno kwa neno, hata kama mtu wao alikufa zamani.

Utafiti ule ndio uliompa uprofesa. Mara ya tatu kamati ilimpitisha.

Siku ya mhadhara wake wa kwanza kama profesa, Fundi alikaa mstari wa mbele amevaa suti iliyombana kwapani. Alipiga makofi mahali ambapo si pa makofi, peke yake, na ukumbi mzima ukamfuata. Mama naye alikuwapo. Walipotoka nje alimshika bintiye mkono akamuuliza, "Haya, sasa wewe ni daktari, au bado ni mwalimu?"

"Bado, mama," alijibu.

Miaka miwili haikuisha.

Profesa alianza kupungua mwili. Mgongo ulimuuma, chakula kikamshinda. Kisha macho yakawa ya manjano. Alilazwa katika hospitali ile ile aliyofundishia, wodi ile ile, akawa upande wa pili wa kitanda. Fundi alikuwa akimpelekea supu kila mchana. Akimuuliza vipimo vinasemaje, alijibiwa kwamba bado vinasomwa. Fundi hakuwa na sababu ya kutoamini. Vipimo huchukua muda. Mashine nazo huharibika.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Mchana mmoja, Fundi alifika na chupa yake ya supu akakuta kitanda cha mkewe kimezungukwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Alikuwa anafundisha. Alikuwa amelala pale, sindano ya dripu mkononi, na anafundisha. Fundi alisimama mlangoni ili asiwakatize.

Alimsikia akisema, "Leo mgonjwa ni mimi. Atakayenionea haya, atarudia mwaka."

Akamchagua kijana mmoja mrefu, mkimya, aliyekuwa amejificha nyuma ya wenzake. Kijana akamwuliza maswali, akampapasa tumbo, na akaambiwa apashe mikono joto kwanza maana mgonjwa si samaki. Wenzake walicheka kidogo. Kisha profesa akamwambia ampe majibu. Kijana akaanza kwa maneno ya vitabuni.

"Hapana," profesa alisema. "Mimi ni mgonjwa wako. Niambie kwa lugha ya nyumbani."

Kijana alivuta kiti, akakaa. Akasema, "Mama, una saratani ya kongosho. Imeshafika kwenye ini. Hatuwezi kuiondoa."

"Nina muda gani?"

"Miezi michache. Pengine hata hiyo haitimii."

"Umesema vizuri," alimwambia. "Wala hukukimbia."

Wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo Fundi alivyojua kwamba mkewe anakufa. Aliisikia habari hiyo mlangoni, kutoka kwa mwanafunzi asiyemfahamu.

Nilimuuliza alihisi nini. Alisema pale koridoni palikuwa na friji ya dawa, na mota yake ilikuwa inanguruma vibaya, na yeye alikuwa anaisikiliza. Aliwaza kwamba mota ile imechoka na hakuna anayeijali. Basi. Hicho ndicho alichohisi. Wanafunzi walipotoka, wakimpita wakiwa wameinamisha vichwa, aliingia, akamimina supu, akapuliza kijiko, akamlisha. Hakuna aliyegusia jambo lile. Walizungumza habari za chumvi.

Kesho yake ndipo alipomuuliza. Anasema hakupandisha sauti. "Wewe ndiye uliyenisimulia habari za yule baba na blanketi," alimwambia. "Halafu mimi nikaambiwa nikiwa mlangoni, nimesimama."

Mkewe alitazama dirishani. Alimjibu kwamba alijaribu mara nyingi. "Nikifika kwenye jina la ugonjwa nakutazama mikono yako, Fundi, nashindwa. Watu wote nimeweza kuwaambia. Wewe nimeshindwa."

"Haya," Fundi alisema. Akaosha kijiko.

Waliishi wiki chache nyumbani baada ya hapo. Binti yao alikuja. Mama alikuja na mashine yake ya kushonea, akashona mito ambayo hakuna aliyeihitaji. Fundi alipika, alifua, alimgeuza mgonjwa kitandani, alijibu simu. Majirani walimsifu kwa ujasiri. Anasema haukuwa ujasiri. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaukanyagia, unatembea nao, lakini huusikii.

Asubuhi aliyofariki, Fundi alikuwa uani anaanika nguo. Binti alitoka, akasimama mlangoni, akasema, "Baba, mama ameondoka." Fundi aliingia, akamtazama, akamfumba macho. Kisha alirudi uani akamalizia kuanika. Shuka tatu na gauni moja. Binti yake alimtazama tu. "Zilikuwa mbichi," Fundi aliniambia. "Zingenuka."

Mazishini watu walilia sana. Madaktari wazima, wenye nywele za mvi, walilia kama watoto. Yeye alisimama na kupokea mikono. Mama mkwe alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, lia kidogo. Utaumwa."

"Naona huzuni yenyewe bado iko mbali, mama," alijibu. "Haijafika."

Wiki iliyofuata, nyumba ikiwa imebaki na watu wachache, mlango uligongwa. Alikuwa yule kijana mrefu. Hakuwa amekuja mazishini. Alimwamkia Fundi kwa heshima, akakataa chai, akasema lililomleta. Tangu siku ile ya wodini hakuwa amekanyaga hospitali. Alikuwa amewaambia wazazi wake kwamba anaacha udaktari. Alikuja kuomba radhi kwa sababu alimwona mlangoni akiwa tayari ameshatamka, na maneno hayarudishwi.

Fundi alimtazama. Alijipekua kama ana hasira, hakuikuta. Alijipekua kama ana huruma, nayo hakuikuta. Alichokuwa nacho ni swali.

"Siku ile sikusikia yote," alimwambia. "Nilikuwa nasikiliza kitu kingine. Nieleze tena, taratibu."

Kijana akamweleza. Kongosho liko wapi. Kwa nini ugonjwa ule hujificha mpaka unakuwa umeshatawala. Kwa nini macho yalikuwa ya manjano. Kwamba hata wangekwenda hospitali mapema kidogo, pengine yasingebadilika mengi. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia habari yote, kuanzia mwanzo.

Halafu akasema, zaidi kujiambia mwenyewe, kwamba siku ile alichelewa. Kulikuwa na friji ya duka la nyama isiyoweza kusubiri. Angefika muda wake wa kawaida, angewakuta hawajaanza, wala asingesikia vile.

Kijana alionekana kama mtu anayepanga vitu kichwani.

"Mzee," alisema, "tulikuwapo pale muda mrefu kabla hujafika. Tulitaka kuanza, akatukataza. Alisema tungoje, mtu mmoja bado hajafika. Sisi tulihesabiana, tukaona tumetimia. Tukadhani ni homa."

Fundi alimuuliza walianza lini.

"Sasa naona ni ulipotokea mlangoni," kijana alisema. "Alitazama mlangoni, ndipo akaniita mimi mbele. Sikugeuka kuona ni nani mpaka nilipomaliza."

Fundi aliinama akaitazama mikono yake. Kijana alidhani ameharibu tena, akasimama aage. Fundi akamsindikiza hadi getini. Pale getini akamwambia arudi wodini Jumatatu. Kijana amerudi. Hilo nimelithibitisha mwenyewe.

Nilipoaga, nilimuuliza Fundi kama baada ya hapo amelia. Alitikisa kichwa. "Bado," alisema. "Lakini nilikuwa nadhani nilipita tu pale, kwa bahati mbaya. Kumbe alikuwa ananingoja."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu wote hapa studioni, tunampa pole Fundi, tunampa pole binti yake, na tunampa pole mama mshonaji aliyezaa mwalimu. Tunawapa pole wanafunzi wa Kaa Kwanza, walioko wodini saa hii. Mungu amlaze mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Kila mmoja wetu ana mtu ambaye anashindwa kumwambia jambo. Profesa huyu alifundisha maisha yake yote namna ya kusema, na kwa mtu wake mmoja ulimi ulimgoma. Mtafute mtu wako leo. Ukiweza, mwambie mwenyewe. Ukishindwa kabisa, basi usiruhusu lisemwe kabla hajafika.