Mikono Haipiti kwenye Simu

Solofo: Haloo? Ni nani hapo?

Voahangy: Umepiga wewe, halafu unaniuliza mimi nani!

Solofo: Aa, Voahangy! Sauti imebadilika, nilidhani— Hata shikamoo hakuna? Mimi si kaka yako?

Voahangy: Shikamoo. Haya, unarudi huku kwenye kambi ya wagonjwa au hurudi?

Solofo: Kazi zimenibana, dada. Huku Antananarivo mambo—

Voahangy: Jana Haja kapiga teke sufuria. Namchemshia maji ya ukoko, si unajua ndiyo anayokunywa mdogo wetu? Yote mguuni kwangu!

Solofo: Pole sana.

Voahangy: Pole ninazo tele.

Solofo: Ugonjwa wa akili ni mzigo, najua. Lakini Mungu ndiye anayetia nguvu. Ukiishiwa zako, ndipo zake—

Voahangy: Wee! Usinihubirie! Mungu simlaumu hata kidogo. Kila alfajiri nampigia magoti, ananiinua, namwogesha Haja, namlisha. Bila Yeye ningeshaanguka zamani. Hasira zangu ni kwako!

Solofo: Kwangu? Mimi nimeko—

Voahangy: Tulivishwa kanzu nyeupe za huduma siku moja, mbele ya kanisa zima. Tuliahidi nini? Kwamba wagonjwa wa kambi tutaishi nao nyumbani, tutawaombea, tutawawekea mikono. Wewe ukavua kanzu ukapanda basi!

Solofo: Unajua kwa nini niliondoka.

Voahangy: Haja alikukaba. Mimi shingo sina?

[mtandao unakwaruza]

Solofo: Voahangy? Upo? Basi ngoja nikuombee hapa hapa. Fumba macho. Ee Bwana, mtie nguvu mjakazi wako—

Voahangy: Acha! Solofo, acha, nitakata! Kila Jumapili naweka mikono vichwani mwa watu, nawatia nguvu mpaka mabega yanawaka moto. Kichwa changu mimi anakigusa nani? Wenzangu wamezeeka, hata kusimama hawawezi. Nimemwomba Mungu nguvu, naye alishanipa ndugu mwenye mikono. Umeitia mfukoni huko mjini! Mikono haipiti kwenye simu, kaka!

Solofo: Voahangy, mimi—

Voahangy: Haja, kaa chini. Kaa, baba. Ndiyo, ni Solofo.

Solofo: Anasemaje?

Voahangy: Anauliza kama bado unamwogopa.

Solofo: Ile kanzu yangu... panya wameshaila?

Voahangy: Panya! Kila Jumamosi naifua pamoja na yangu. Haja anashika upande huu, mimi ule, tunakamua. Halafu naipiga pasi, naitundika nyuma ya mlango. Kila Jumamosi, mpumbavu mimi!

Solofo: Usilie.

Voahangy: Silii! Nina hasira!

Solofo: Voahangy, salio linakwisha. Mwambie Haja ninamwo— ndiyo, namwogopa. Lakini mwambie kesho na basi la kwa—

Voahangy: La nini? Sema tena! Unakuja? Solofo! Haloo? Haloo!

[mlio wa simu iliyokatika]

Voahangy: Imekata. Haja, niletee makaa ya pasi.